Mtaala gani wa lugha kwa mtoto anayesomea nyumbani? Tuchambue kabla hatujatoa pesa

#1 MamaWatatu (mleta mada), Houston

Heshima kwenu wakuu.

Kila ikikaribia Agosti, makundi yetu ya wazazi wanaosomesha watoto nyumbani hujaa swali moja: "Nimeamua kumtoa mtoto shule, ninunue mtaala gani wa lugha?" Ndani ya saa moja yanakuja majina kumi, kila mzazi anausifia wake, na aliyeuliza anaondoka amechanganyikiwa kuliko alivyokuja. Nimeona tuwe na uzi mmoja tulijadili jambo hili kwa utulivu. Mimi ni Mtanzania, naishi Texas, wanangu wana miaka kumi na mmoja, minane na mitano, na wote wanasomea nyumbani kwa Kiingereza na Kiswahili.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Hakuna mtaala mmoja wa lugha utakaomfaa mtoto wako kwa kila kitu, kwa sababu tunachokiita lugha kina mambo mengi ndani yake: kuunganisha sauti mpaka mtoto asome, mwandiko, tahajia, sarufi, ufahamu, halafu insha. Wangu wa kati anasoma vitabu vya watoto waliomzidi umri, lakini mwambie aandike sentensi tatu atakaa mezani mpaka chai ipoe. Mnunulie huyo boksi la mtaala mzima lililoandikwa "darasa la tatu", kusoma kutamchosha kwa wepesi na kuandika kutamliza. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mtaala upi ni bora, kaa na mtoto siku mbili tatu, msikilize akisoma, mwangalie akiandika, ujue amekwama wapi.

Mwaka 1986 wataalamu wawili, Gough na Tunmer, walilieleza hili kwa hesabu nyepesi: kuelewa unachosoma ni uwezo wa kutamka maandishi mara uwezo wa kuelewa lugha yenyewe. Walitumia kuzidisha makusudi, maana sifuri upande mmoja inaleta jibu la sifuri. Mtoto anayetamka kila neno bila kujua maana hajasoma, na mwenye maneno tele kichwani asiyeweza kuunganisha herufi naye hajasoma. Karibu kila mtaala niliowahi kuushika una nguvu upande mmoja kuliko mwingine, na tangazo la muuzaji halikuambii ni upi.

Kwa miaka mitano hadi saba, pesa yangu yote ya Kiingereza naiweka kwenye kusoma. Kiingereza kina herufi 26 na sauti kama 44, na herufi moja inabadilika sauti kila inapohamia. Hapo nataka programu inayofundisha sauti kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, na inayompa mtoto hadithi zenye sauti alizokwisha kufundishwa tu. All About Reading na Logic of English ziko kwenye mkondo huo. Zote zimechota kwa Orton na Gillingham, daktari wa neva na mwalimu ambao miaka ya 1930 walikuwa wakitengeneza njia ya kuwafundisha watoto wenye shida ya kusoma. Mfuko ukibana, kipo kile kitabu cha Engelmann cha masomo mia moja, cha mwaka 1983. Ni kitabu kimoja, hakina urembo, na mzazi anaandikiwa mpaka maneno ya kusema. Ukikuta mtaala unamwambia mtoto aangalie picha akisie neno, usinunue. Jopo la Taifa la Kusoma la Marekani lilipitia tafiti nyingi na ripoti yake ya mwaka 2000 iko wazi: kufundisha herufi na sauti kwa mpangilio kunawasaidia watoto kuliko kuwaachia waokoteze wenyewe.

Akishasoma, miaka minane hadi kumi hivi, ndipo wazazi wengi tunapobebeshwa vitabu vya mazoezi. Jaza nafasi, pigia mstari nomino, zungushia kitenzi. Mtoto anapata vema kumi kwa kumi na bado hawezi kuandika aya. Sarufi naipa dakika kumi na tano kwa siku, si zaidi. Muda uliobaki nafuata njia ya Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza (1842–1923) aliyefungua chuo cha walezi na walimu pale Ambleside: mzazi anasoma kitabu kizuri mara moja, mtoto anasimulia alichosikia kwa maneno yake. Ananakili sentensi nzuri kwa mwandiko safi, na baadaye anasomewa imla kutoka kitabu hicho hicho. Insha ya kuandika Mason hakuidai mpaka mtoto afike kama miaka kumi. Kwetu sisi hili si geni, mtoto aliyekulia kwenye "hadithi hadithi, hadithi njoo" ameshazoea kupokea kisa na kukirudisha. AmblesideOnline wamepanga mtaala mzima kwa njia hii na hawatozi chochote.

Kuanzia kumi na mmoja kwenda juu ni insha, na hapa angalia tabia ya mtoto. Yule anayesema "sijui niandike nini" anasaidiwa sana na IEW, programu ya kufundisha kuandika: anapewa kifungu kifupi, anachagua maneno matatu hivi kwa kila sentensi, anafunika kifungu, kisha anakiandika upya kutoka kwenye yale maneno. Yule mwenye mengi ya kusema anayechukia kusahihishwa anafaa zaidi Brave Writer, anaandika kwanza kwa uhuru na kusahihisha kunakuja nyuma kabisa.

Kuhusu sheria, hapa Texas ni nyepesi: mtaala uwe na kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema, na Mahakama ya Juu ya jimbo ilishasema mwaka 1994 kwamba shule ya nyumbani inahesabika kama shule binafsi. Majimbo mengine yana yake, mtatueleza.

Mwisho Kiswahili, na hapa najua tutabishana. Wanangu nawaanzisha kusoma kwa Kiswahili kabla ya Kiingereza. Irabu tano, kila moja sauti yake, haibadiliki. Mtoto akishajua ma me mi mo mu na ka ke ki ko ku, siku hiyo hiyo anasoma mama, kuku, kaka, mkeka. Kwamba herufi inabeba sauti na sauti zinaunganishwa anakuja kulijua mahali pasipo na mitego, halafu anaingia Kiingereza akijua kusoma ni kazi gani. Mwaka 2003 Seymour na wenzake walilinganisha watoto wa lugha mbalimbali za Ulaya wakakuta wanaoanza kwa Kiingereza wanahitaji zaidi ya mara mbili ya muda wa wenzao ambao lugha yao inaandikwa kama inavyotamkwa. Sioni kwa nini mtoto aliyejaliwa Kiswahili nyumbani tumpitishe kwenye mlima kwanza.

Nawasilisha.

#2 Kiti_cha_mbele, Dallas

Nimevuta kiti. Endeleeni wakuu, nina wawili wanaanza mwaka huu.

#3 BabaEli, Minneapolis

Mleta mada nimekusoma vizuri na nakuheshimu, ila ushauri wa kuchukua kipande huku na kipande kule ni wa mzazi mwenye muda. Mimi nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, mke wangu anasomea uuguzi. Kwetu anayefundisha leo siye aliyefundisha jana. Boksi moja lenye kiongozi cha mwalimu, ambapo somo la leo limeandikwa mzazi aseme nini na mtoto afanye nini, ndilo linalotuwezesha kuendelea. Nikiamka saa nane mchana nafungua palipowekwa alama, naendelea pale mama aliposimama. Mtaala wa kuunga unga unadai mtu mmoja aubebe wote kichwani, na nyumba nyingi za wahamiaji hazina mtu huyo.

Halafu Minnesota si Texas. Huku kila mwaka kufikia Oktoba 1 unapeleka taarifa kwa msimamizi wa elimu wa wilaya, na mtoto anafanya mtihani sanifu kila mwaka. Sheria inataja kusoma, kuandika na fasihi, kwa hiyo mimi nataka kitu kinachoonyesha wazi kwamba vyote vimeguswa. Sitetei kila boksi, yapo ya hovyo. Ila usiwaogopeshe watu.

#4 MamaWatatu (mleta mada)

BabaEli hoja yako naipokea kwa mikono miwili. Nyumba yenye walimu wawili wanaopokezana inahitaji maandishi yaliyokamilika, na hilo ni jambo la kuangalia kabla ya mengine yote. Ninachosisitiza ni kimoja: hata ukichukua boksi, uliza kama wanaruhusu kuchanganya viwango, kusoma kiwango cha nne na kuandika kiwango cha pili. Kampuni nyingi zinakubali ukiomba kabla ya kulipa. Na kila kampuni ya maana ina jaribio la kumpima mtoto kwenye tovuti yake, bure. Mfanyishe hilo, umri wake na darasa alilotoka visikuongoze.

#5 MwalimuMstaafu, Morogoro

Salaam wanangu. Sijawahi kufundisha mtoto nyumbani, lakini darasa la kwanza nimelifundisha karibu maisha yangu yote ya kazi, na mada hii imenigusa.

Mama Watatu uko sahihi kuanza na Kiswahili, ila kuna mtego. Silabi zinaimbika. Mtoto anaimba ba be bi bo bu kwa sauti nzuri, mzazi anafurahi, kumbe ameshika wimbo. Dawa yake ni kuchanganya. Mwonyeshe bo, kisha ki, kisha ma, bila mfuatano. Funika sehemu ya chati ya silabi ukutani. Asiposita, amejua. Akianza kuimba chini chini mpaka aifikie silabi unayoitaka, bado.

Mpangilio niliokuwa naufuata ni huu. Kwanza irabu, na mtoto azisikie kabla ya kuziona: "ua, oa, au, eua". Haya ni maneno kamili yasiyo na konsonanti yoyote, hapo tu mtoto ameshasoma. Kisha konsonanti nyepesi, m, k, t, b, l, n, s, kila moja na irabu zake, na papo hapo maneno na sentensi fupi. Msikae wiki nzima kwenye silabi tupu, mtoto asome kitu chenye maana kila siku: "Baba ana kuku. Kuku analala." Baadaye ndipo waje wale wagumu, ch, sh, ny, mb, nd, nj, mw, kw, halafu dh, th, gh. Cha mwisho nilikuwa naweka ng na ng' pamoja, ngoma na ng'ombe, maana hapo hata watu wazima wanaandika kwa kubahatisha. Imla fupi kila siku, maneno matano tu, itakuonyesha kasoro zote. Mtoto anayechanganya l na r kwenye kuongea atazichanganya kwenye kuandika. Usimgombeze, msomee tena polepole aone mdomo wako.

Tangu 2015 huku Tanzania darasa la kwanza na la pili msisitizo umewekwa kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka bure kwenye maktaba yao ya mtandaoni. Mlioko nje msihangaike kutumiwa vitabu kwa ndege, ingieni huko kwanza.

#6 UmmKhadija, Leicester

Asalaam aleikum. Mwalimu, Mungu akulipe kwa somo hilo. Mimi napingana na mleta mada kwenye Kiswahili kwanza, na nitatumia hesabu yake mwenyewe.

Mtoto wangu kazaliwa Leicester. Baba yake ni wa Zanzibar, mimi wa Mombasa, lakini watoto wa jirani, televisheni, dada zake, wote ni Kiingereza. Kiswahili chake ni "njoo ule" na "vaa viatu". Nikimfundisha silabi atatamka ukurasa mzima wa Kiswahili vizuri sana, lakini upande wa pili wa kuzidisha anaelewa kidogo mno. Atasoma "mchanga", "shoka", "kisima" bila kuona chochote akilini. Mtoto anayesoma maneno yasiyomwambia kitu anajifunza kwamba kusoma ni kutoa sauti, na tabia hiyo ataihamishia kwenye Kiingereza.

Nilianza na Kiingereza, nikatumia Letters and Sounds, mpango uliotolewa na serikali hapa England mwaka 2007, unapatikana bure. Unaanza na s, a, t, p, i, n, na kwa herufi hizo sita tu mtoto anasoma maneno mengi. Kiswahili kikaendelea kwa mdomo peke yake: hadithi za bibi kwa simu, vitendawili, nyimbo, kupika pamoja. Alipokuwa na maneno ya kutosha ndipo nikamwekea maandishi, na akayasoma kwa wepesi mno kwa sababu kuunganisha sauti alikwisha kujua.

Kwa faida ya walioko England: kifungu cha 7 cha Sheria ya Elimu ya 1996 kinamtaka mzazi ampe mtoto elimu inayomfaa kwa umri, uwezo na kipaji chake. Hulazimiki kufuata mtaala wa taifa.

#7 MamaWatatu (mleta mada)

Dada UmmKhadija, hapo umenena na sina la kukupinga kwa mtoto wa aina hiyo. Basi niweke kipimo ambacho kila mzazi anaweza kukifanya leo jioni. Msimulie mtoto kisa cha Sungura na Fisi kwa Kiswahili, dakika tano, bila picha na bila kuchanganya Kiingereza. Kisha mwambie akusimulie, kwa lugha yoyote anayotaka. Akikurudishia kisa na mambo yake, ana Kiswahili cha kusomea, anza na silabi. Akirudisha vipande viwili vitatu, ana njaa ya hadithi bado. Mlishe hadithi kwa miezi, na kusoma anza na lugha anayoielewa.

Jambo moja la kujiandaa kwa wanaoanza na Kiswahili: akiingia Kiingereza ataandika "faiv" na "laik" kwa muda. Anaandika anachosikia kwa sauti za irabu anazozijua, na maana yake ni kwamba anasikia vizuri. Ndiyo sababu programu ya tahajia ya Kiingereza inahitajika peke yake, usiitegemee ile ya kusoma.

#8 Wanjala_wa_Rongai, Kenya

Uzi mzuri sana. Wacha niwaletee ya huku kwetu, kwa sababu mzazi wa Nairobi akifuata ushauri wa Texas bila kuangalia kulia na kushoto atajikuta pabaya.

Kwanza, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto ameandikishwa na anahudhuria shule. Pata ushauri wa wakili kabla hujaanza, si baada ya chifu kubisha mlangoni. Pili, huku wengi wetu tunachagua mtaala tukianzia mwisho: mtoto atakalia mtihani gani? Familia nyingi ziko kwenye ACE, mtaala wa Kikristo wa vile vijitabu vilivyoanzia Texas mwaka 1970, mtoto anavimaliza kimoja baada ya kingine kwa mwendo wake. Wengine wako kwenye mtaala wa Cambridge wakilenga IGCSE, mtihani wa kimataifa wa sekondari. Aliye na mpango wa kumrudisha mtoto shule ya serikali lazima aangalie kile wenzake wanafanya kwenye CBC, mtaala wa umilisi wa Kenya, la sivyo atarudi gredi ya saba bila kujua ngeli hata moja.

Mimi niko na wawili kwenye ACE na naipenda kwa jambo moja: mtoto anajifunza kujisimamia. English na Word Building ni masomo mawili tofauti kule, kwa hivyo lile jambo la mleta mada la kutenganisha viwango linawezekana, unampima kila somo kivyake. Upungufu nauona kwenye kuongea na kuandika kwa kirefu. Mtoto anajaza, anajipima, anasonga. Kwa hivyo kila Ijumaa wangu wanaandika insha na kuisoma mbele ya familia, na babu yao anauliza maswali.

Kiswahili tunakijaza wenyewe. Miundo ya mtaala ya KICD, taasisi ya serikali inayotunga mitaala, iko kwenye tovuti yao, unaipakua, unaona kila gredi mada za kusikiliza na kuzungumza, kusoma, kuandika na sarufi. Tunafundisha ngeli kwa upatanisho, A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I, na hatukaririshi jedwali. Nampa mtoto sentensi, "Kiti kimevunjika", namwambia abadilishe kiti kiwe meza, kiwe mti, kiwe jiko, kisha viwe vingi. Anagundua mwenyewe kwamba kitenzi kinafuata nomino. Jedwali analiandika yeye mwishoni.

#9 Subira_yangu, Toronto

Naombeni msaada. Mwanangu ana miaka tisa. Nimebadilisha mtaala wa kusoma mara kadhaa, kila mmoja unaanza vizuri halafu anakwama pale pale. Kwa kuongea ni hodari, anasimulia mpaka wageni wanashangaa. Akishika kitabu anakasirika. Kuna mtu ana jina la mtaala wa kumsaidia?

#10 MwalimuMstaafu

Mwanangu, pole. Kabla ya jina la mtaala mwingine, mpeleke apimwe macho na masikio, kisha apimwe uwezo wa kusoma na mtaalamu. Huko Toronto wapo. Mtoto mwerevu wa maneno anayekwama pale pale kwa kila kitabu, shida haiko kwenye vitabu.

#11 MamaWatatu (mleta mada)

Naongezea kwa mwalimu. Nilipokuwa namsaidia mtoto wa dada yangu mwenye disleksia, yaani shida ya kudumu ya kusoma, nilisoma sana juu ya hili. Watafiti wa lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa, Kijerumani kwa mfano, wameona kwamba watoto wenye disleksia huko mara nyingi wanasoma maneno kwa usahihi lakini kwa kukokota mno. Kwa hiyo Subira, ukimjaribu kwa Kiswahili akapatia maneno yote usiseme "basi hana tatizo". Sikiliza mwendo. Neno refu kama "walipokuwa" linamchukua muda gani mwezi wa kwanza, na mwezi wa tatu linamchukua muda gani?

Akithibitika ana disleksia, tafuta programu ya Orton-Gillingham au mwalimu aliyefunzwa njia hiyo, nenda polepole, rudia bila haya. Na tafadhali usimnyime vitabu vya umri wake kwa sababu hawezi kuvisoma. Msomee wewe, mwekee vya kusikiliza. Upande wake wa kuelewa lugha una nguvu, ukikaa bila chakula mpaka kusoma kukae sawa utadhoofika nao. Na kusimulia kwake kuandike wewe: yeye anasema, wewe unachapa, kisha anajifunza kusoma maneno yake mwenyewe.

#12 Subira_yangu

Nimelia kidogo hapa. Hilo la kumchapia maneno yake naanza leo. Asanteni.

#13 Kivu_mpaka_Ohio, Columbus

Nawasalimia wote. Sisi ni Wakongo, tulitoka Bukavu, tukapitia kambini Burundi, sasa tuko Ohio. Kiswahili chetu cha nyumbani si cha vitabu vya Dar es Salaam. Watoto wakisoma "watoto wamekuja" wanacheka, kwa sababu mama yao anasema "batoto balikuya". Nimewaambia ni kama shati la nyumbani na shati la kanisani, yote ni yako. Sitaki wamwone bibi yao anakosea. Tunasoma Kiswahili sanifu, tunaongea chetu, na wanajua lini watumie kipi.

Kwa wasio na pesa kama sisi: African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi za picha bure kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kimo, na unaruhusiwa kuchapa. Hadithi moja unaipata kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa hiyo tunasoma asubuhi kwa moja na jioni kwa nyingine. Programu za kujifunzia kwenye tableti zipo pia. Yale mashindano ya Global Learning XPRIZE, ya programu za kumwezesha mtoto kujifunza kusoma mwenyewe, yalijaribiwa vijijini mkoani Tanga kwa Kiswahili, na mwaka 2019 onebillion na Kitkit School walitoka sare kwenye ushindi. Mtoto wangu mdogo alijifunzia hapo herufi wakati mimi niko kazini na kaka yake anamwangalia.

#14 BabaEli

Kivu ubarikiwe, hiyo ya hadithi moja kwa lugha mbili naichukua.

#15 Mwanambuzi, Hamburg

Huku Ujerumani kumsomesha mtoto nyumbani badala ya shule hakuruhusiwi, na hata Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikataa lalamiko la wazazi mwaka 2006. Kwa hiyo mimi nina jioni tu, saa moja, kwa ajili ya Kiswahili. Nawaandikia kwa sababu sijaona mtu ametaja ushairi kwa watoto wakubwa, na kwangu ndio uliookoa jahazi.

Binti yangu alichoka na vitabu vya mazoezi. Nikamfundisha shairi la mizani kumi na sita: mishororo minne kwa ubeti, kila mshororo silabi nane na nane, vina vya kati na vya mwisho. Alianza kuhesabu silabi kwa vidole kila mahali. Ili apate kina cha "-na" anachambua maneno, anageuza kitenzi kiwe cha kutendana, anatafuta neno lenye maana ile ile lakini fupi kwa silabi moja. Msamiati na sarufi anavifanyia kazi vyote bila mimi kumwambia. Hii ni mishororo yake miwili, ameniruhusu:

*Kalamu yangu shikana, na karatasi nyeupe,*
*Maneno yaje kwa vina, mwalimu asinitupe.*

#16 MamaWatatu (mleta mada)

Mwanambuzi, mwambie binti yako wangu wa kumi na mmoja amesoma mishororo hiyo na amekwenda kutafuta kalamu. Hili naliongeza kwenye mtaala wetu.

#17 Kiti_cha_mbele

Wakuu nimesoma yote, sasa naomba mnipangie. Wangu wana miaka sita na tisa, wamezaliwa hapa Dallas. Kiswahili wanaelewa ila wanajibu Kiingereza. Wa sita hasomi bado. Wa tisa anasoma ila kuandika ni vita. Tunafundisha mimi na mume wangu kwa kupokezana. Pesa ni ya wastani.

#18 MamaWatatu (mleta mada)

Karibu jirani. Kwa wa sita: fanya kipimo cha kisa jioni hii. Kwa kuwa anaelewa, nadhani atafaulu, basi anza silabi za mwalimu kila asubuhi kwa dakika kumi na tano. Akishasoma sentensi za Kiswahili bila kukokota, ongeza programu moja ya sauti za Kiingereza yenye maandishi ya mzazi, maana mko wawili. Kila kampuni ina sampuli za masomo ya mwanzo kwenye tovuti, chapa mbili tatu, fundisha nazo somo zima kabla hujalipa. Ukiona mtoto anavutika na wewe hukuhitaji kusoma maelezo mara tatu, nunua kiwango kimoja tu. Tafuta cha mtumba, wazazi wanaviuza kila Mei wakimaliza mwaka.

Kwa wa tisa usinunue mtaala wa kuandika sasa. Asimulie kwa mdomo kila siku, nyie mwandike. Anakili sentensi moja tu, kisha mbili. Tahajia mpe programu yake, anzeni kiwango cha chini kuliko fahari yake, mfanye haraka haraka mpaka mfike anapokosea. Mwezi wa kwanza mwakani muone kama vita imepungua, ndipo mwulizie IEW. Kiswahili kwake: amsomee mdogo wake zile hadithi za African Storybook kila jioni. Mdogo atadai nyingine, na mkubwa atasoma kwa sauti bila kuambiwa.

Sheria ya Texas kwa upande wa lugha hapo umeikamilisha, sarufi ya dakika kumi na tano usiisahau.

#19 Kiti_cha_mbele

Kisa cha Sungura kimepita, amerudisha mpaka sauti ya Fisi. Kesho tunaanza irabu. Nitarudi na majibu ya jaribio la tahajia la mkubwa wikiendi mnisaidie kuchagua kiwango.